Mpima mto wa Pap Onditi na duka lisilotaka kusaidiana

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Selpha Ondiek anavua malapa, anayaacha kwenye nyasi, kisha anashuka ukingo wa mto kinyumenyume huku mkono mmoja umeshika mzizi. Shingoni ana firimbi nyekundu ya plastiki. Kiunoni, ndani ya leso, amefunga daftari lililofunikwa kwa nailoni.

Kando ya daraja la miguu umesimama mlingoti wa chuma wenye mistari na namba. Selpha anainama na kusoma. Haridhiki, anasoma tena.

"Themanini na nne," anasema. Jana asubuhi maji yalikuwa sentimita sabini na moja.

Anapanda juu na kuvaa malapa yake. Anatazama upande wa uwanda wa Nyabondo, ulioinuka nyuma ya mashamba. Juu ya Pap Onditi anga ni safi kabisa. Kule Nyabondo wingu limekaa tangu jana, jeusi, wala halitikisiki.

"Hilo ndilo linaninyima raha," anasema. "Watu wa mbali wanadhani mafuriko ni lazima mvua ikunyeshee kichwani. Yawa! Inanyesha huko juu, sisi huku tumeanika mpunga juani, tunashtukia maji iko mlangoni."

Selpha ana umri wa miaka hamsini na miwili na ni mama wa watoto wanne. Kazi yake ni kupima mto. Anasoma mlingoti huu asubuhi na jioni, na wakati wa masika anausoma kila saa. Kamati ya maji ya kijiji humpa shilingi elfu nne kwa mwezi, nusu ekari ya mpunga inajaza pengo. Hiyo si kazi ya kumtajirisha mtu, na mwenyewe analijua hilo vizuri kuliko mwandishi huyu.

Ila kuna hesabu moja anayoijua kuliko mshahara wake. Kutoka mlingoti huu hadi nyumba za mwisho kule bondeni, maji huchukua dakika arobaini.

"Dakika arobaini. Ukizichezea, umeua mtu."

Anajua anachosema. Alasiri moja ya Aprili, miaka sita iliyopita, alisoma mlingoti huu akakuta maji yamepita mita mbili na nusu na bado yanapanda. Hakuwa na simu ya maana, alikuwa na firimbi hii hii. Akatoka mbio akipuliza, nyumba hadi nyumba, akipiga milango kwa ngumi. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifika nane.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya shemeji yake, Owiti, aliyekuwa bawabu wa usiku mjini Kisumu. Mabawabu hulala mchana. Owiti alikuwa amelala.

"Sikufika," Selpha anasema, na kuishika firimbi kana kwamba mtu anataka kumpokonya. "Niliona paa tu. Nilipuliza mpaka nikatapika, lakini sikufika."

Tangu siku hiyo mama huyu anaogopa, wala haoni haya kusema hivyo. Anaogopa wingu na anaogopa ukimya wa vyura. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nao ung'ongo wa Selpha umejaa kila mahali.

Siku hizi, hata hivyo, kinachomtisha zaidi kiko ndani ya simu.

Mpwa wake, Griffins Oduor, ni fundi wa simu pale Kondele, mjini Kisumu, kijana wa miaka ishirini na saba aliyejifunza kuandika programu mwenyewe huku akibadilisha vioo vya simu za watu. Baada ya mazishi ya Owiti alimuuliza Selpha swali moja: "Mama, kwani ni lazima ukimbie? Si namba ndiyo ikimbie?"

Akatengeneza programu. Wakaiita Pi Biro, yaani maji yanakuja, kwa sababu ndivyo watu wa huku wanavyopiga kelele. Selpha anaandika kipimo kwenye simu yake na kila mwenye programu anakiona. Naye anabonyeza "Nimeona", ili Selpha ajue ujumbe umefika nyumba ipi na haujafika nyumba ipi. Maji yakifika mita mbili na nusu, simu zote zinalia king'ora, hata zile zilizozimwa sauti.

Walipeana programu hiyo simu kwa simu, mkono kwa mkono. Zikafika simu thelathini na nane. Novemba mwaka juzi king'ora kililia saa tisa mchana, watu wakatoka na mbuzi, magodoro na watoto, wakapanda hadi shule ya msingi. Maji yalikuja, yakachukua kuku na jiko la mtu. Hayakuchukua mtu.

"Siku hiyo nililala usingizi," Selpha anasema. "Mara ya kwanza kwa miaka."

Halafu, mwaka jana, simu zenyewe zikageuka.

Ilianza na onyo jekundu: programu hii haikutoka dukani, inaweza kukudhuru. Kina mama wengine wakaogopa, wakaifuta. Wengine hawakufuta kitu, simu ndizo zilizoifuta zenyewe, kimyakimya, baada ya kujisasisha. Mtu anaamka, anatafuta Pi Biro, haipo. Kutoka thelathini na nane, zikabaki kumi na moja.

Griffins anaeleza jambo hili kwa lugha ya kibanda chake. "Simu hizi zinakuja na duka moja ndani yake. Kitu kikitoka kwenye hilo duka, mlango uko wazi. Kikitoka kwa mikono ya mtu kama mimi, kinachukuliwa kama mwizi. Simu ni ya mama yangu, ameinunua kwa jasho lake, lakini funguo ziko kwa mtu mwingine ambaye hatumjui."

Hakuwa na njia nyingine. Akajiandikisha kwa wenye duka, akalipa ada, akapewa sharti. Kabla programu haijawekwa rafuni, watu kumi na wawili waijaribu kwa siku kumi na nne mfululizo.

"Nilicheka," Selpha anasema. "Watu kumi na wawili tu? Mimi nina chama cha wanawake ishirini."

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa roho safi kabisa.

Ilikuwa Januari, wakati wa palizi ya mpunga. Wanawake wa huku hupalilia kwa saga: leo wote wanaingia shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mashamba yote yaishe. Hakuna anayebaki nyuma. Sasa nani ashinde na simu mkononi ndani ya maji ya shamba? Wakafanya kama wanavyofanya siku zote. Simu zote kumi na mbili wakazitia kwenye kapu moja, kapu likawekwa nyumbani kwa Selpha, na kila siku mwanamke mmoja akapewa zamu ya kuzibonyeza zote kwa niaba ya wenzake.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema Celestine, mwanachama anayeuza dagaa wa omena sokoni. "Tangu tukiwa wadogo tunafunzwa hivyo. Sasa tungejuaje kuna duka duniani ambalo linataka kila mtu avunje chawa wake peke yake?"

Siku kumi na nne zikatimia. Wakapika kuku. Siku ya kumi na tano, asubuhi, Griffins akapata barua.

Mashine ya duka ilikuwa imeona simu kumi na mbili zimelala mahali pamoja mchana na usiku, hazitembei, zinabonyezwa moja baada ya nyingine ndani ya dakika tano, kila siku. Kwa akili ya mashine, huo ni utapeli. Watu hao hawapo. Akaunti ya Griffins ikafungwa, na barua ikasema asijaribu kufungua nyingine maisha yake yote.

Griffins hakumwambia Selpha kwa siku nne. Alikuwa anaogopa uso wake.

"Aliponiambia, nilijiuliza," Selpha anasema. "Mikono iliyobonyeza ni ipi? Na yangu imo. Kapu ni langu. Nikasema, haya, Selpha, mara ya kwanza ulichelewa, mara hii umefunga mlango wewe mwenyewe."

Wakakata rufaa na kujibiwa kwa dakika mbili. Wakakata tena, likaja jibu lile lile, neno kwa neno. Mara sita Griffins aliandika na mara sita alijibiwa hivyo hivyo.

Ukitaka kujua hofu inavyokaa ndani ya mtu, keti na Selpha simu yake ikilia. Iwe ni ujumbe wa bando, iwe ni binti yake Sheryl anamsalimia kutoka Kombewa, mama huyu hushtuka, akashika kifua, akasoma jina mara mbili kabla ya kupokea. Mumewe alishaacha kumpigia simu. Akimtaka, humtuma mtu.

Februari likatokea jambo lililomtisha kuliko barua. Selpha alikuwa sokoni, akamwambia Celestine kwamba masika yanakaribia na watu hawana Pi Biro.

"Mimi sina wasiwasi," Celestine akamjibu. "Nilishapata ya kwangu, ya dukani kabisa. Wala simu haikunikataza."

Selpha akaomba kuiona. Ilikuwa programu nyingine. Celestine alikuwa ameandika neno "mafuriko" dukani, na duka likamletea juu kabisa ile iliyolipiwa matangazo. Ilikuwa na picha nzuri ya tone la maji, matangazo ya mikopo na hali ya hewa ya Nairobi. Ilikuwa imemwomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yake, akaitoa. Kuhusu mto wa Pap Onditi haikujua kitu, wala isingelia hata maji yangefika dirishani.

"Wenzangu wengi wako nayo," Celestine akasema, sasa sauti imepungua.

Walihesabu. Wanawake tisa wa chama walikuwa wamepakua tone hilo la maji, na wote tisa walikuwa wanalala kwa amani.

"Hapo ndipo niliogopa kabisa," Selpha anasema. "Mtu asiye na kitu anakaa macho. Mtu anayedhani ako na kitu, huyo maji yatamkuta amelala."

Ni Selpha aliyemwambia Griffins aache maneno makubwa na aandike ukweli mtupu. Katika rufaa ya saba walituma picha ya kapu, picha ya wanawake kumi na wawili wakiwa matope mpaka magotini, na maneno haya: "Watu hawa wapo. Walikuwa shambani. Kwetu kazi ya mmoja ni ya wote, tukadhani na hii ni hivyo. Tusameheni, hatukujua kusaidiana kumekatazwa."

Safari hii jibu lilichukua siku tisa. Akaunti ikafunguliwa kwa jaribio moja tu. Watu kumi na wawili, siku kumi na nne, kila mmoja na simu yake. Mmoja akikosekana, hesabu inavunjika. Udanganyifu ukionekana tena, hakuna rufaa. Chini hapakuwa na jina.

"Hadi leo sijui kama ni mtu alisoma ama ni mashine imetuonea huruma," Griffins anasema.

Selpha akaitisha kikao na kutunga sheria kali kuliko za kanisa. Simu isiingie kapuni. Simu ya mtu isishikwe na mtu mwingine. Kila mmoja aibebe kifuani, ndani ya nailoni, aende nayo shamba, soko, kisima. Kipimo kikija, mwenyewe abonyeze kwa kidole chake. "Hapa hakuna kubonyezeana," akawaambia, na kina mama wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka.

Akaandikisha watu kumi na watatu badala ya kumi na wawili, mmoja wa akiba. Wa akiba alikuwa mama mkwe wake, Awuor, ambaye kijiji kizima humwita Dani, yaani bibi. Ana miaka sabini na minne na simu ya kugusa aliyoletewa na mjukuu wake. Hakuna aliyetarajia atahitajika.

Siku ya tisa, Lornah, mwanamke mwingine wa chama, aliinama kung'oa gugu, simu ikateleza kutoka kifuani na kuzama kwenye tope la mpunga. Waliitafuta kwa mikono kwa saa nzima. Walipoipata ilikuwa imekufa. Griffins alijaribu kuifufua pale Kondele, akashindwa. Lornah alilia kama amefiwa.

Kwa hiyo leo, siku ya kumi na moja, wamebaki kumi na wawili kamili, Dani Awuor akiwemo.

Selpha anatuma kipimo kutoka darajani: sentimita themanini na nne. Kisha anashuka bondeni kwa miguu, haraka haraka, huku akitazama simu. Majibu yanaingia. Celestine ameona. Wa pili, wa tatu. Kufika kwenye mfereji wa mpunga, yametimia kumi na moja na lake likiwemo. La kumi na mbili halijaja.

Nyumba ya Dani ndiyo ya mwisho kabisa, mahali pa chini kuliko zote. Ni pale pale ilipokuwa nyumba ya tisa. Owiti alikuwa mwanawe. Baada ya mafuriko wanawe wengine walimwomba ahamie juu, akakataa, akasema hawezi kumwacha kijana wake peke yake. Kaburi liko hatua sita kutoka mlangoni.

Anamkuta Dani ameketi kwenye kigoda, simu iko pajani, ameikunjia uso.

"Afadhali umekuja," Dani anasema. "Hiki kitu chako kimeniletea namba, na miwani yangu siioni. Shika, nibonyezee."

"Siwezi, Dani."

"Huwezi nini? Si kidole unacho?"

"Ninacho. Lakini ikishikwa na mkono wangu, wanatufungia wote."

"Nani anatuona hapa?" Dani anageuka kutazama migomba yake. "Hawa watu wako wamekaa wapi?"

Dani ananyoosha simu. Na mtu angeona kabisa mkono wa Selpha unavyoinuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini ya kumpokea mama mkwe mzigo. Unafika nusu. Anaurudisha. Anaiweka mikono yote miwili mgongoni na kuifunga vidole kwa vidole, mpaka viungo vinapauka.

"Dani, tafadhali. Mwenyewe."

Mzee anaguna. Anabonyeza, na simu inafungua kamera, anaona pua yake mwenyewe, analaani. Anabonyeza tena, inampigia mjukuu wake, ambaye anasikika akiuliza kuna nini, na Dani anamwambia hakuna kitu, kata. Selpha amefumba macho. Midomo yake inacheza, anaomba.

"Ni hii ya kijani?"

"Ni hiyo ya kijani."

Kidole kilichopinda, chenye ufa wa jembe, kinashuka taratibu. Simu ya Selpha inalia kiunoni. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii hashtuki. Kumi na wawili.

Anakaa chini pale pale, kwenye vumbi, anacheka huku machozi yakimtoka. Dani anamtazama kwa mashaka.

"Sasa imekwisha?"

"Bado, Dani. Bado siku tatu."

"Na ukija kesho, hutanibonyezea?"

"Kesho hata nikikuona umeanguka, nitakuinua wewe. Simu sitaigusa."

Nyuma yao, juu ya Nyabondo, wingu limeongezeka upana. Selpha analitazama, kicheko kinakatika. Anainuka, anajikung'uta vumbi. Ni saa mbili kasoro na anataka kuusoma mlingoti tena kabla ya saa ya kuusoma kufika.

Je, siku ya kumi na nne ikitimia na duka likafungua mlango, atafanya nini? Hafikirii sana. Atapita nyumba hadi nyumba, anasema, aone tone la maji limefutwa na Pi Biro imekaa mahali pake, simu arobaini, simu hamsini. Griffins naye atamfundisha Sheryl, kazi isibaki kwa watu wawili.

Na firimbi?

Anaishika. "Hii nitaendelea kuivaa. Lile duka si langu, wanaweza kufunga tena siku yoyote." Anatembea hatua chache, anasimama, anageuka kuitazama nyumba ya Dani. "Lakini naomba Mungu siku moja tu. Maji ije, nibonyeze mara moja, na hapa nyumba ya tisa ilie kabla sijaanza kukimbia."